Nilivyozoea Tena Pumzi ya Ng'ombe

Kama ulipatwa na jambo la kutisha, vidonda vikapona, na bado mwili wako unakataa kupona, basi haya ni yako. Asiyeyahitaji anisamehe kwa urefu wake. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu hapa kijijini Buger, mengine nikaongezea kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo sitaeleza ugonjwa huu unakaa wapi kwenye damu au kichwani. Sijui. Nitasema nilivyokuwa, na waliokuwa nami. Nimewasomea watu wa nyumbani kabla ya kunakili, na pale waliposema "hapana, haikuwa hivyo" nimerekebisha, au nimeandika ya kwangu pamoja na ya kwao.

Ilikuwa miaka ile ya sabuni kwa foleni, mwisho wa masika, maharage yameanza kutoa maua. Nilikwenda na jirani yangu kuokota kuni pembeni ya msitu. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu kwa kamba na kuuweka mgongoni. Nyati hakutoa sauti yoyote. Nilisikia jirani anapiga yowe, na kabla sijageuka nilikuwa kifudifudi. Pembe moja ilinipata kwenye nyonga ya kushoto. Ya pili iliingia kwenye kuni, na wanaojua nyati wanasema kuni hizo ndizo zilizoniokoa. Halafu akasimama juu yangu. Akanipumulia shingoni, pumzi ya moto yenye harufu ya majani yaliyotafunwa. Jirani anasema ilikuwa kidogo tu, mpaka wanaume walipofika na mbwa. Kwangu mimi ilikuwa ndefu sana. Lakini yeye alikuwa juu ya mti na macho yake yalikuwa wazi, kwa hiyo namwamini yeye.

Baridi yote ya mwaka ule ilinikuta hospitali. Nakumbuka zaidi benchi la kungojea kufungwa kidonda, lilivyokuwa na mguu mmoja mfupi, tukikaa wanne halichezi, akiitwa mmoja linayumba na wote tunashtuka. Mimi nilishtuka kuliko wenzangu. Nilidhani ni udhaifu wa damu. Nywele zilianza kung'oka nikichana kwa kitana. Na maziwa yalikauka. Nilimwacha nyumbani mtoto wangu wa pili, Danieli, aliyekuwa bado ananyonya, ameanza tu kutambaa, na mama mkwe akamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Aliyapasha moto kidogo na kumnywesha kwa kijiko, asubuhi na jioni. Naandika hili mapema kwa sababu baadaye nitaandika maneno yake makali, na sitaki mtu asome maneno bila kijiko.

Niliporudi nyumbani nilikuwa natembea kwa fimbo, kidonda kimefunga, na wote walifurahi. Ugonjwa wenyewe ulianza jioni ile ile.

Asiye wa kwetu inabidi aelezwe. Sisi Wairaqw wa zamani hatumjengei ng'ombe zizi mbali na watu. Analala ndani, upande wake, na kati yetu na yeye ni ukuta mfupi wa miti. Fisi ni wengi, baridi ni kali, na nyumba yenye ng'ombe ina joto. Nilizaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Nilikuwa nikisikia ng'ombe wanatafuna nikajua mambo yote yako sawa nikalala. Sasa jioni ile wakaingia, mmoja akapitisha pua juu ya ule ukuta, akapumua.

Sikumbuki nilichofanya. Mume wangu, Akonaay, anasema nilianguka chini kifudifudi nikafunika shingo kwa mikono, na nilikuwa nimempakata Danieli. Aliumia mdomo kidogo. Si sana, lakini nilipoona damu yake kwenye kanga yangu sikutaka tena kumshika mtoto ng'ombe wakiwa karibu.

Iliendelea hivyo. Ng'ombe wakikaribia, jasho, moyo unapiga kama mtwangio, vidole vinakuwa baridi. Mganga wa zahanati alinipa vidonge. Nililala kwa vidonge hivyo mpaka mchana, chakula kikaungua mara mbili, nikaviacha. Sisemi havifai. Labda nilivinywa vibaya.

Mume wangu alifikiri sana. Ni mtu asiyesema mengi. Siku moja nikaona amewavua ng'ombe kengele zote, amezitundika kwenye msumari.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nimeona ukisikia kengele unakunja uso. Sasa hutawasikia."

Nilimshukuru. Kweli nilikuwa nakunja uso. Lakini tangu siku ile nikawa vibaya zaidi, na wala sikujua kwa nini, na sikumwambia kwa sababu alikuwa amefanya kwa wema. Nikawa siwezi hata kwenda nyuma ya nyumba. Kila kona nilidhani kuna pua. Nilikaa ndani nimeegemea ukuta, ili nyuma yangu kusiwe na nafasi.

Ndipo mama mkwe akasema, mbele ya watu, "Mama Maria, nyumba ina watu na ina ng'ombe. Nani kati yao atatoka?"

Maria ni mtoto wangu wa kwanza. Watu walidhani amekusudia nitoke mimi. Nilipomsomea hapa juzi alikataa kabisa. Alisema alikuwa anauliza tu kwa sababu hakujua. Nimeandika yote mawili.

Waliotoka ni ng'ombe. Kwetu si aibu kumpa ndugu ng'ombe wako akutunzie. Anawachunga, naye anakunywa maziwa. Akonaay aliwapeleka kijiji cha Rhotia kwa dada yake, wifi yangu Rebeka. Na maziwa yakienda, mtoto anayekunywa maziwa anayafuata. Danieli alibebwa mgongoni nyuma ya ng'ombe. Wifi, aliyekuja kumchukua, alinihurumia, akaniambia mlangoni, "Ni mpaka upone tu, wifi. Huyu ni wako, mimi ni kijiko." Lakini mtoto alikuwa akiangalia ng'ombe, hakuniangalia mimi.

Mtaani wakaniita mwanamke aliyefukuza ng'ombe. Mmoja kisimani aliuliza, "Na mbuzi umewapa likizo?" Nilicheka naye, kwa sababu ilichekesha. Nyumbani nikalia.

Nilitaka jambo moja, mtoto wangu arudi. Ili arudi lazima ng'ombe warudi, na ili ng'ombe warudi lazima niweze kukaa nao chini ya paa moja. Hakukuwa na njia nyingine.

Kidude kimoja kilikuja mwaka uliofuata, wakati wa kupalilia mahindi. Shemeji yangu Safari, mdogo wake Akonaay, alikuwa anafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta, Ngorongoro. Mgeni mmoja alimpa zawadi kitu bapa kama sanduku la sigara, chenye kioo na vitufe vinne. Ukibonyeza, kwenye kioo vinatokea vichanja vinne, viwili kulia na viwili kushoto, na kuku juu ya kila kimoja. Mayai yanabingirika. Katikati kuna mtu mweusi mdogo ana kikapu. Wewe unampeleka huku na huku adake. Kila yai likishuka hatua moja linalia, tik, na kila kichanja kina mlio wake. Yakivunjika matatu mchezo umekwisha.

"Kuku gani wanataga bila kula?" mama mkwe akauliza.

"Hawa hawali mahindi, Mama. Wanakula betri."

"Na mayai tunayapika lini?"

Safari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa mimi. Hakuwa na mpango wowote wa dawa, mtu asimsingizie kwamba alijua. Aliniona nimekaa ukutani akanihurumia.

Nilicheza mchana ule vibaya sana mwanzoni, kisha vizuri kidogo. Na nilipoinua kichwa niligundua mgongo wangu hauko kwenye ukuta. Nilikuwa nimekaa katikati ya chumba. Vidole vilikuwa na joto. Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kukaa miezi na vidole vya baridi utajua nilivyoona. Kwa muda ule mfupi kichwa kilikuwa na mayai tu.

Nikacheza kila siku. Mama mkwe naye akaanza, akisema anajaribu tu kuona kama kimeharibika. Alimgombeza yule mtu wa kikapu kana kwamba ni kibarua wake. "Kulia, mzembe wewe! Kulia! Mama yako hakukufundisha kuokota mayai?" Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu masika ya mwaka uliopita.

Sasa niseme ubaya wake, maana nikisema uzuri tu nitakuwa mwongo. Mchezo ule, mchezaji akiwa hodari, unaongeza mwendo. Sikujua, kwa sababu nilikuwa sijafika huko. Siku moja nilifika. Mayai yakaja pande zote nne, tik-tik-tik yakawa kama kwato, nikashindwa kuacha. Walinikuta nje kwenye shamba la maharage, kifudifudi, mikono shingoni. Kidude kilikuwa kwenye majivu ya jiko.

Akonaay alikiokota kwa ncha za vidole kama anaokota nyoka.

"Kitupwe," akasema.

"Kaka, kimemsaidia," Safari akasema.

"Kimemsaidia? Mwangalie alivyo na udongo mdomoni! Wewe unakwenda kazini kesho. Mimi ndiye ninayebaki naye."

"Siyo kidude. Ni kelele yake tu. Nitainyamazisha."

Wote wawili walikuwa na haki. Akonaay alikuwa amechoka kuniokota chini. Na Safari alikuwa ameona nikicheka. Mwisho Safari alichukua nta ya nyuki akaziba vile vitundu vya nyuma vinavyotoa mlio. Kikawa bubu.

Nilijaribu kesho yake. Mayai yakawa yanatokea tu. Hujui linashuka la upande gani mpaka liko mdomoni mwa kichanja. Sikufika hata mbali, mchezo ukiwa bado wa polepole, jasho likanitoka. Nikakiweka chini. Nikakaa nikijiuliza kwa nini ule wa kelele nilikuwa nacheza wiki nzima bila shida, na huu wa kimya siuwezi hata mwanzo wake. Nikachukua sindano ya kushonea, nikachokonoa nta yote. Nikacheza tena polepole. Tik ya juu kulia, kikapu juu kulia. Tik ya chini kushoto, kikapu huko. Vidole vikapata joto.

Nilibaki nakiangalia. Nyati hakuwa na sauti. Hicho ndicho kilichonivunja, kwamba alikuja bila kunipa taarifa. Na sisi tulikuwa tumewavua ng'ombe kengele.

Nilimfuata Akonaay shambani, na huko nje nilikuwa sijafika peke yangu tangu nirudi kutoka hospitali. Nikamwambia. Aliegemea jembe.

"Niliwavua kwa ajili yako," akasema.

"Najua."

"Ulikuwa unakunja uso."

"Nilikunja uso, lakini nilikuwa najua wako wapi."

Alirudi kupalilia kwa nguvu sana, akakata na mahindi mawili. Nadhani aliumia, na ningekuwa mimi ningeumia.

Kilichofuata si akili yangu, ni ya mama mkwe. Wanawake wa kwetu wanajua mtamba aliyezaa mara ya kwanza, anavyopiga mateke akiguswa chuchu. Hapigwi. Anasimamishwa mahali pamoja, saa ile ile, mtu yule yule anamkuna chini ya mkia, mwingine anamwimbia, na mkono unasogea kidogo kila siku. Mama mkwe alinitazama nikicheza, akasema, "Huyu ni mtamba. Tumekuwa tukimkimbiza."

"Mama, utanikuna mkiani?" nikamuuliza.

"Nitakukuna kwa mwiko ukinichelewesha."

Akaazima kwa jirani ng'ombe mzee, mpole, mwenye pembe moja iliyopinda chini. Akamvalisha ile kengele kubwa. Kila alasiri nilikaa uani kwenye kigoda na kidude mkononi, naye akamfunga ng'ombe kwenye kigingi. Siku za kwanza kigingi kilikuwa kule kwenye ua wa minyaa. Nilicheza, nikisikia tik, na nyuma yake kengele, ko, ko. Mwendo ukianza kuongezeka niliacha mayai yavunjike makusudi, matatu, ili yaanze tena polepole. Hilo nilijifunza mwenyewe: mchezo huu naweza kuuvunja kabla haujanivunja. Mama mkwe alichukia. "Mayai mazuri hayo!" alisema kila mara.

Kigingi kikasogezwa. Siku nyingine kilirudishwa nyuma, kwa sababu nilirudi nyuma. Mvua za vuli zikanyesha, tukahamia barazani. Ng'ombe akawa karibu kiasi kwamba pumzi yake inafika. Siku ya kwanza iliponifika shingoni nilikidondosha kidude, nikasimama, na mama mkwe akanishika mkono akauweka kwenye paji la uso la ng'ombe, pale penye manyoya yaliyozunguka. Ng'ombe alifumba macho. Kengele ikalia kidogo tu.

"Huyo hapo," mama mkwe akasema. "Hana kwingine alipo."

Betri ilikwisha kabla ya Krismasi. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati na Karatu nzima haikupatikana. Safari aliahidi kuwaomba madereva wanaokwenda Arusha. Nilidhani nitakosa usingizi kwa ajili hiyo, lakini kusema kweli sikukosa. Mikono ilikuwa imeshapata kazi nyingine. Nilikuwa namtoa kupe yule ng'ombe mzee.

Hapa lazima nisimame niseme jambo la jirani yetu aliyerudi kutoka vita vya Uganda. Alikuwa na ugonjwa unaofanana na wangu, nami kwa kiherehere, betri ilipopatikana, nikampelekea kidude nikimwambia kitamponya. Alibonyeza mara moja, kikalia, akakiweka chini taratibu, akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Mlio ule kwake ulikuwa kitu kingine. Sikumuuliza nini. Yeye alitulizwa na kupasua magogo, ambayo mimi mlio wake ulinirusha. Kwa hiyo anayesoma haya asikimbilie kutafuta kidude. Mganga wa zahanati, nilipomweleza, alisema wazi kwamba ugonjwa huu hakuusomea, lakini kinachonisaidia nikitumie kama chumvi. Nimeona ni neno la haki. Kuna siku chumvi ilizidi.

Ng'ombe walirudi mwanzoni mwa mwaka, mvua za vuli zilipokatika. Nilikuwa nimelala wiki kadhaa chini ya paa moja na yule ng'ombe mzee wa kuazima. Siyo kila siku ilikwenda vizuri. Akonaay aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema sina. Akasema, "Basi nitakwenda kuwaleta," na akaenda.

Tulisikia kengele kabla hatujawaona. Walipanda kilima kwa mstari, vumbi nyuma yao, na nyuma ya vumbi wifi Rebeka na Akonaay. Nilimtafuta Danieli mgongoni kwa wifi, hayupo. Nilimtafuta mabegani kwa baba yake, hayupo. Kisha nikamwona chini. Alikuwa anatembea. Aliondoka anatambaa, na sasa anatembea kwa miguu yake, ameshika mkia wa ng'ombe mweusi kama mtu aliyeshika mkono wa mama yake.

Nilipiga magoti njiani nikanyoosha mikono. Akapita.

Hakunikwepa. Alipita tu, kama anavyompita mtu asiyemjua, akaingia mlangoni pamoja na ng'ombe wake, upande wao, akakaa kwenye nyasi kavu katikati ya miguu yao. Huko Rhotia ndivyo alivyozoea, wifi alisema kwa aibu, ndipo anapocheza.

Tulisimama wote mlangoni. Ndani ng'ombe walikuwa wanasukumana kutafuta nafasi zao za zamani, kengele zinagongana, na joto lao limeanza kujaa nyumba. Jasho langu likaanza. Akonaay akavua viatu aingie amtoe mtoto.

"Mwache," mama mkwe akamwambia. "Si kazi yako kumtoa."

"Mama, ataanguka na mtoto."

"Labda," akasema mama mkwe.

Nilipita kwenye uwazi wa ule ukuta wa miti. Sikuwa jasiri, nisisifiwe. Niliingia kwa sababu mtoto alikuwa huko. Nilikwenda nikimsikiliza mmoja mmoja, kengele nzito kulia, kengele ya ufa kushoto, mweusi mbele yangu, na kila nilipomsikia mmoja niliweka kiganja mgongoni kwake nikapita. Mmoja aligeuza kichwa akanipumulia shingoni. Nilisimama. Magoti yalitaka kwenda chini, nayajua yakitaka hivyo. Nikabaki nimeshika ule mgongo mpaka yakaacha.

Nilimbeba Danieli. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka. Alinitazama usoni, akaangalia mlangoni, akaanza kulia kwa sauti kubwa akimwita mama, na mama aliyekuwa anamwita alikuwa wifi yangu. Rebeka naye akawa analia pale mlangoni, mikono ameificha ndani ya kanga ili asinyooshe.

Nilimwacha alie. Nilikaa naye palepale kwenye nyasi, ng'ombe mweusi akilamba kichwa chake na mkono wangu bila kuchagua, mpaka akachoka, akaniegemea.